Siku ya wasimamizi wa ubatizo: tunavyoiadhimisha parokiani kwetu

Tumsifu Yesu Kristo, dada. Umeuliza parokia yenu ianzie wapi, maana mnataka kuwa na siku ya wasimamizi, yaani baba na mama wa ubatizo, na watoto wao wa ubatizo, na unaogopa isije ikaishia kwenye keki na picha. Mimi nimo katika kamati ya liturujia, yaani ya ibada, huku Rombo, Kilimanjaro, na siku hii tunayo kila mwaka, kwa hiyo nakujibu kwa yale tuliyoyaona.

Anzeni na daftari la ubatizo. Mambo ya turubai na chakula yatakuja yenyewe. Daftari lina jina la mtoto, wazazi, aliyebatiza, wasimamizi, na tarehe. Kwetu katekista anakaa na viongozi wa jumuiya ndogondogo za Kikristo, wanasoma majina ukurasa kwa ukurasa na kuulizana nani yuko wapi. Hapo ndipo utakapoona hali ilivyo. Watu wazima wengi hawajui walibatizwa lini. Wengine msimamizi wao wanamjua kama "yule mama wa kule juu" tu, hawajawahi kuzungumza naye. Na wapo wasimamizi waliosimamia watoto kadhaa, wanamkumbuka mmoja. Tunaandika kikadi kwa kila msimamizi: jina la mtoto na tarehe ya ubatizo wake. Papa Fransisko alirudia mara nyingi kuwahimiza waamini waijue tarehe hiyo, na mimi naona ndiyo kazi yenye faida kuliko zote. Msimamizi akiwa na tarehe, mwakani atampigia mtoto simu mwenyewe bila kusubiri tangazo la kanisani.

Kuhusu siku yenyewe, Ubatizo wa Bwana ndiyo sikukuu inayofaa zaidi, lakini inaangukia Januari, na kwetu Januari watu wameshapanda mabasi kurudi Dar na Arusha. Wachaga tunabatiza sana Desemba kwa sababu ndipo ukoo unapokutana, na wasimamizi wengi wanaishi mijini. Kwa hiyo sisi tumechagua sikukuu ya Familia Takatifu, Dominika (Jumapili) inayofuata Krismasi. Ninyi angalieni watu wenu wanakuwepo lini, halafu mtangaze mapema, Oktoba hivi, watu wapange safari.

Sasa Misa. Baada ya mahubiri paroko anawaalika wote wasimame wawili wawili, msimamizi na mwanawe wa ubatizo. Mishumaa inawashwa kutoka mshumaa wa Pasaka, kama ilivyofanyika siku ya ubatizo, na wote wanarudia ahadi: kumkataa Shetani, kuikiri imani. Kisha kila msimamizi anamwekea mwanawe alama ya msalaba kwenye paji la uso. Hili tulilichukua kutoka ibada ya ubatizo yenyewe, maana mwanzoni kabisa padre akishaweka alama ya msalaba huwaalika wazazi na wasimamizi nao waiweke. Dada, msiliharakishe. Kuna mwaka nilikuwa nimesimama karibu na kwaya, nikamwona kijana mrefu, fundi wa magari, akipiga magoti kwenye sakafu ya saruji ili bibi yake wa ubatizo amfikie. Yule bibi mkono ulimtetemeka, akaweka alama, halafu akauacha mkono pale kichwani. Foleni nzima ikasubiri na hakuna aliyekohoa. Paroko mwenyewe alikaa kitini akangoja. Tangu mwaka ule kwaya haiimbi wakati wa tendo hilo.

Zawadi ndani ya kanisa tumezikataa kabisa, na hapa nasema kwa msimamo. Mkiruhusu bahasha na kanga mbele ya altare, msimamizi asiye na kitu hatakuja mwaka ujao, na mtoto wake atakaa peke yake. Tayari tuna tatizo la wazazi kuchagua msimamizi kwa kuangalia gari. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 874, inataka awe ametimiza miaka 16, Mkatoliki aliyepata Kipaimara na Ekaristi, anayeishi kadiri ya imani, wala asiwe baba au mama wa mtoto. Fedha haimo. Mama yangu wa ubatizo alikuwa anauza ndizi sokoni. Hakuwahi kuninunulia nguo. Lakini nilipokwenda Kipaimara alisimama nyuma yangu, mkono wa kuume begani kwangu, na nilipochumbiwa aliketi na mama zangu wakinifunda. Aliniombea kwa jina mpaka alipofariki.

Wazee wetu waliuchukulia uhusiano huu kama undugu kamili, na Kanisa liliwaunga mkono: kwa Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917 msimamizi hakuweza kufunga ndoa na mtoto wake wa ubatizo. Sheria ya 1983 ilikiondoa kizuizi hicho kwetu Walatini, yaani Wakatoliki wa mapokeo ya Roma, ila Wakatoliki wa Makanisa ya Mashariki bado wanacho. Mwambieni paroko aligusie katika mahubiri, vijana wanasikiliza sana hapo.

Ndugu zetu Walutheri nao waalikeni. Familia nyingi za huku zimechanganyika, na Mlutheri aliyebatizwa anaweza kuwa shahidi wa ubatizo pamoja na msimamizi Mkatoliki. Hao nao wana nafasi katika mstari. Chakula baadaye kila jumuiya inaleta chake. Kwetu mtori na pilau vinatosha.

Jambo la mwisho, waliofiwa na wasimamizi. Mwaka wa kwanza hatukuwa na mpango, watoto hao wakabaki kwenye mabenchi wenzao wakitoka. Sasa majina ya wasimamizi marehemu yanasomwa katika sala za waamini, na kila mtoto anasindikizwa na mtu wa jumuiya yake. Hatusemi huyo ndiye msimamizi mpya. Jina lililo daftarini linabaki lilelile, na wakati wa Kipaimara atachaguliwa mwingine wa kumsimamia. Siku hii ya wasimamizi, huyo mtu wa jumuiya anamshikia mshumaa tu, na wengi wao huendelea kumtembelea.