Utando wa kuzuia viungo kushikamana baada ya upasuaji

Dada wa Kisumu, umeuliza kama umwombe daktari akuwekee utando wa kuzuia viungo kushikamana atakapokutoa faibroidi (uvimbe wa mfuko wa uzazi) mwezi ujao, kwa kuwa upasuaji wako wa kwanza uliacha utumbo umenata kwenye mfuko wa uzazi. Mwulize, na umwulize sasa, kwani huenda bidhaa yenyewe ikahitaji kuagizwa Nairobi.

Mshikamano huanza pale ngozi laini inayofunika viungo vya ndani inapokwaruzwa au kukauka: faibrini, protini ya kugandisha damu, huunganisha nyuso mbili kama gundi, na mwili usipoiyeyusha katika siku chache za mwanzo, hugeuka kovu. Utando hutenganisha nyuso hizo kwa siku hizo tu. Ule wa asidi ya hialuroniki na selulosi iliyobadilishwa, ulioidhinishwa Marekani mwaka 1996, ni karatasi nyembamba inayovunjika upesi ikiwa kavu na kung'ang'ania glavu iliyolowa (wauguzi wa thieta wanaijua kero hiyo). Ndani ya siku moja au mbili huwa ute, kisha mwili huufyonza. Ule wa selulosi iliyooksidishwa hudhoofika palipo na damu inayovuja, na kidonda cha faibroidi huvuja sana.

Usitarajie kinga kamili. Kwa maoni yangu, mikono ya daktari ina uzito zaidi: tishu zishikwe taratibu, ziwekwe na unyevu, damu izuiwe, na glavu zisiwe na poda. Iwapo utumbo utakatwa na kushonwa, utando ule wa asidi ya hialuroniki usizungushwe juu ya mshono huo, maana mshono unaweza kuvuja.