Tembea mji wako ukiwa na filamu moja tu

Wiki iliyopita msomaji mmoja wa Morogoro aliniandikia akitaka kujua kama inafaa kununua kamera ya filamu, ilhali simu aliyo nayo hutoa picha safi bila gharama. Nilimjibu kwa neno moja kwamba inafaa. Jibu refu nimeona niliandike hapa, kwa kuwa najua wengi wenu mna swali hilo hilo, na mnatamani kama mimi kupiga picha ambazo watu watarudi kuzitazama baada ya miaka mingi.

Kamera yangu ni Pentax K1000, aina iliyoanza kuuzwa mwaka 1976, na huifunga lenzi moja tu ya milimita 50. Filamu ninayoitia ina picha 36, na ukomo huo ndio ulionifundisha kutembea. Alasiri, jua likianza kulegea, huingia Mji Mkongwe wa Zanzibar kutokea Darajani nikiwa sina ninachokitafuta, nikapita Mkunazini na Sokomuhogo, na mara nyingi hutokea Shangani sehemu kubwa ya filamu ikiwa bado haijatumika. Mwenye simu hupiga kisha huinama kukagua alichopata, na wakati ameinama mtaa unaendelea bila yeye.

Alasiri moja, katika uchochoro wa Hurumzi, hamali alikuwa akisukuma mkokoteni uliobeba kabati la nguo lenye kioo mlangoni. Kabati lilikuwa limelazwa chali, hivyo kioo kilitazama juu, na ndani yake zikawa zinapita roshani za ghorofani, nyaya za umeme, kanga zilizoanikwa, kisha mama mmoja aliyekuwa akiteremsha kikapu kwa kamba ili muuza ndizi aliyekuwa chini amtilie. Nilimsalimu hamali nikamwomba ruhusa, naye akasimama kupumua, nikapiga picha moja. Filamu ile ilikaa kamerani majuma kadhaa kabla ya kwisha, na nilipoisafisha kwa dawa ili picha zitokee niliona ambacho sikukiona siku ile: pembeni mwa kioo, katika dirisha la ghorofa ya kati, mtoto amechomoza mkono mzima akijaribu kukigusa kikapu kinachopita. Nilikaa na negativu ile, yaani kipande cha filamu chenye picha iliyogeuzwa weusi na weupe, mkononi nikiwa na furaha ambayo sijawahi kuipata kwa picha niliyoiona papo hapo. Leo imetundikwa sebuleni kwangu, na kila mgeni husimama mbele yake.

Hata hivyo, mhariri mmoja wa picha aliwahi kuzipitia kazi zangu, na hii ikiwamo, akaniambia kwamba hazina tukio. Neno hilo linaniuma hadi leo, kwa sababu nadhani ndilo linalowakatisha tamaa vijana wengi wenye jicho zuri kuliko langu. Mtu yeyote anayedhani mtaa wa kawaida hauna tukio aende Barabara ya Kenyatta, Shangani, kwenye studio ya picha ya Capital Art Studio iliyofunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930 na kuendelezwa na mwanawe, Rohit. Oza mkubwa alimpigia Sultani picha, lakini mimi miguu hunigandia mbele ya zile za majahazi na za watu waliokuwa wakipita njia zao za kila siku, ambao pengine hakuna gazeti lililowahi kuwahitaji.

Kwa hiyo nakusihi, mdogo wangu, usisubiri safari ya Serengeti ndipo uanze kutazama. Anza na njia unayopita kila siku, kwa sababu wewe ndiye unayejua ilivyokuwa jana. Nenda polepole, na ukihisi umekwisha kuuona mtaa wote, rudi tena polepole zaidi. Salimu kabla ya kuinua kamera, na aliyekataa muache kwa heshima, kwani hadhi ya mtu ni kubwa kuliko picha yako. Usihesabu picha ulizopata, hesabu ulivyovitazama.

Kwenye jua kamili, filamu ya ISO 400 (ISO ni kipimo cha wepesi wa filamu kupokea mwanga) hutaka tundu dogo la lenzi, f/16, kwa kasi ya 1/500 ya sekunde, na ukiingia uchochoro wenye kivuli fungua tundu hadi f/4, ambalo ni kubwa zaidi, bila kubadili kasi, kwa maana filamu nyeusi na nyeupe husamehe mwanga uliozidi kuliko uliopungua. Ukisafisha mwenyewe, kumbuka kwamba maji ya bomba huku pwani huwa na joto. Mimi husafisha filamu nyeusi na nyeupe ya Ilford HP5 Plus ndani ya dawa ya kusafishia ya D-76 isiyochanganywa na maji zaidi, dakika 7 na nusu kwa nyuzi 20 za Selsiasi, na bila beseni la barafu nyuzi hizo hazipatikani Unguja. Filamu ambayo haijatumika iweke kwenye friji.

Kuhusu kununua, kamera ya zamani iliyolala kabatini kwa shangazi inaweza kukutosha kabisa. Fungua mlango wa nyuma, fyatua kwa kasi ya sekunde moja na usikilize kama inafunga kwa wakati, kisha gusa sponji nyembamba zilizo kwenye kingo za mlango, kwa sababu zikiwa zinanata au zinamomonyoka mwanga utaingia na kuharibu filamu, ingawa fundi anaweza kuzibadilisha. Mwisho ielekeze lenzi dirishani na uchungulie ndani yake. Ukiona nyuzi nyeupe kama utando wa buibui, huo ni ukungu, nao unyevu wa pwani huulisha. Lenzi hiyo usiichukue, hata ukiuziwa kwa bei ya kutupa.