Maswali ya Wasomaji: Kuanza Kukusanya Kadi za Wachezaji

SWALI: Mjomba wake kijana wangu alipotutembelea kutoka Uingereza, alimletea pakiti kadhaa za kadi za wachezaji wa kandanda. Tangu siku hiyo mtoto, ambaye ana umri wa miaka 12, hana habari tena na runinga. Kila jioni huzitandaza kadi zake mezani na kuzipanga kwa timu. Ningependa kumuunga mkono, ila sijui pa kuanzia, na jirani yangu ananiambia kwamba kununua pakiti usiyojua kilichomo ni kamari. Je, kadi hizi zina thamani yoyote? – Mama wa Donholm, Nairobi

JIBU: Mama, kijana wako amekwisha kuanza, tena ameanza vizuri, kwa sababu kuzipanga ndiyo kazi yenyewe. Anachohitaji sasa ni mipaka. Kampuni ya Topps ya New York ilitoa seti yake kubwa ya kadi za besiboli mwaka 1952, na kampuni ya Panini ya Modena, Italia, ilitoa albamu yake ya kwanza ya Kombe la Dunia kwa mashindano ya Mexico ya mwaka 1970. Tangu hapo zimechapishwa aina nyingi kiasi kwamba anayetaka kila kitu huishia na rundo lisilo na mpango. Achague timu moja, au mchezaji mmoja tangu alipochipukia, au msimu mmoja anaoweza kuukamilisha.

Jirani yako ana hoja, na sitaipuuza. Pakiti iliyofungwa ni bahati nasibu kwa kiasi fulani, na mtoto anayefungua pakiti baada ya pakiti akitafuta kadi moja anaweza kuzoea msisimko wa kufungua kuliko kadi zenyewe. Ushauri wangu ni kwamba pakiti ziwe za siku ya kuzaliwa na sikukuu, na pesa nyingine zinunue kadi moja moja anayoijua kwa jina na namba. Zile alizo nazo mbili mbili abadilishane na wenzake, kwa kuwa albamu nyingi hukamilika kwa njia hiyo.

Mfundishe pia kugeuza kadi. Nyuma yake, kwa maandishi madogo sana, kwa kawaida utakuta jina la kampuni na namba ya kadi, na mara nyingi mwaka pia. Bila hayo huwezi kujua unachokishika. Baadhi ya kadi zimepigwa tarakimu kama 14/99, maana yake ni kwamba zilichapishwa 99 tu za aina hiyo na hii ni ya 14. Kadi ya namna hiyo isichanganywe na nyingine.

Thamani haitokani na umri peke yake. Kadi ya mchezaji wa besiboli Mickey Mantle ya Topps ya mwaka 1952 iliuzwa kwa dola milioni 12.6 mwezi Agosti 2022. Sy Berger, aliyekuwa mbunifu wa seti ile, alisimulia kwamba masanduku ya kadi zilizokosa wanunuzi yalipakiwa kwenye tishari na kumwagwa baharini, na zile zilizosalia katika hali nzuri ni chache. Kwa upande mwingine, kadi za Marekani za mwishoni mwa miaka ya 1980 zilichapishwa kwa wingi kupita kiasi, na hadi leo nyingi hazina bei ya maana ingawa zimetimiza zaidi ya miaka 30. Kwa hiyo usimnunulie mtoto kadi ukihesabu karo ya chuo kikuu.

Kuhusu kuzitunza, nakusihi sana usizipeleke saiba zikafungwe kwa plastiki ya moto, kama tunavyofanyia vyeti vyetu. Kadi iliyofungwa hivyo haifunguki tena bila kuharibika, na mkusanyaji hataihesabu kuwa nzima. Mpira wa kufungia nao huacha alama kwenye kingo. Kila kadi iingizwe katika kifuko chake chembamba cha plastiki isiyo ya PVC (aina ya plastiki inayoweza kuharibu kadi), kisha katika faili la pete lenye kurasa za mifuko tisa. Faili likae mbali na dirisha, kwa sababu jua hufifisha rangi, na lisiegemee ukuta unaotoa unyevu wakati wa mvua za masika. Vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja na viatu vipya, usivitupe; viweke karibu na faili.

Mkiagiza kadi kutoka ng'ambo, kabla ya kulipa jumlisheni usafirishaji, ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 16. Mkinunua hapa Nairobi kupitia mitandao, kutaneni na muuzaji mahali penye watu, kadi ionekane kwanza ndipo M-Pesa itumwe.

SWALI: Nina kadi ya Victor Wanyama akiwa Southampton. Rafiki yangu anashauri niipeleke Marekani ikapimwe na kupewa alama. Nifanye hivyo? – Msomaji wa Kasarani

JIBU: Hapana, ndugu yangu, angalau si sasa. Kampuni kama PSA, iliyoanza mwaka 1991, hukagua pembe, kingo, uso wa kadi na kama picha imekaa katikati, kisha huipa alama kati ya 1 na 10 na kuifunga katika kasha gumu. Utalipia upimaji na usafiri wa kwenda na kurudi, na gharama hiyo itaizidi kwa mbali bei ya kadi ya kawaida iliyochapishwa kwa wingi. Ipime mwenyewe: ishike chini ya taa, uiinamishe polepole, na mikwaruzo itajitokeza.

Hata hivyo usiiuze kwa bei ya kutupa. Wanyama alipojiunga na Southampton mwaka 2013 alikuwa Mkenya wa kwanza kucheza katika Ligi Kuu ya Uingereza, na kwa mkusanyaji wa hapa kwetu hiyo ni sababu tosha ya kuwa nayo. Ukitaka kuendeleza mkusanyo wako, tafuta za Tottenham, alikohamia mwaka 2016, kisha urudi nyuma hadi Celtic.