Karata za Familia: Mkalishe Mtoto na Mzee Upande Mmoja

Wazazi wengi wa rika langu hapa Mombasa hulalamika kwamba watoto wao hawana la kuzungumza na babu na bibi zao. Wakipelekwa Mji wa Kale kuwazuru wazee baada ya sala ya Ijumaa, husalimu, hubusu mkono, kisha hujikunyata pembeni na simu zao mpaka wakati wa kuondoka. Ushauri wangu kwa wazazi hao hauna gharama kubwa: wanunue pakiti moja ya karata, watandike mkeka, na wawafundishe watoto wao wahedi wa sitini. Nasema hivyo kwa sababu mengi ninayoyajua kuhusu wazee wangu niliyapata tukiwa tumeketi chini na karata mkononi, baada ya alasiri au, katika mwezi wa Ramadhani, baada ya tarawehe.

Kwa asiyeujua mchezo wenyewe, nitaueleza kama tulivyoucheza kwetu. Huchezwa na watu wanne, wawili dhidi ya wawili, na kila mtu hukaa akielekeana na mwenzake wa upande mmoja. Karata za 8, 9 na 10 huondolewa, zikabaki 40, kila mchezaji akapata 10. Ree, yaani karata ya A, ina thamani ya 11, saba ina 10, mzungu wa nne (mfalme) ana 4, wa tatu (ghulamu) ana 3 na wa pili (malkia) ana 2. Zilizosalia ni garasa, hazihesabiwi. Kila moja ya kopa, uru, shupaza na pau hufikisha 30, jumla ikawa 120, na kwa hiyo upande uliokusanya 61 ndio ulioshinda, ilhali 60 kwa 60 ni sare. Watoto waliozoea karata za kwenye simu hushangaa kuona saba ikimla mfalme, na hushangaa zaidi wakiambiwa kwamba malkia yuko chini ya ghulamu. Waache washangae, watazoea. Ureno na Brazil hadi leo kuna mchezo uitwao sueca wenye karata hizo hizo 40 na hesabu hiyo hiyo, jambo lisilo la ajabu katika mji ambao Wareno walianza kuujengea Ngome ya Yesu mwaka 1593, wakaishikilia ngome hiyo kwa muda mrefu kabla ya Waomani kuitwaa mwaka 1698.

Jambo ninalolisisitiza kuliko yote ni mpangilio wa kukaa. Usiwaweke watoto upande mmoja na wazee upande wa pili, kwa maana hapo mchezo utakwisha haraka na mtoto hatarudi tena mkekani. Mtoto awe mwenza wa bibi au babu, wapate pamoja na wakose pamoja. Mimi nilikuwa upande wa bibi yangu mzaa mama, ambaye alizipanga karata zake taratibu, turufu, yaani karata za aina iliyochaguliwa kuzila nyingine zote, akiziweka kulia karibu na kidole gumba, na hakuzigusa mpaka raundi za mwisho. Nilipokuwa ningali mwanafunzi, aliruhusiwa kunisemesha, na neno lake lilikuwa moja: "Sitoe saba, mwanangu, ree haiyatoka." Baadaye ruhusa hiyo iliondolewa, nami nikalazimika kukumbuka mwenyewe ree ipi imekwisha kuchezwa na nani amebaki na turufu. Hakuna mwalimu wa shule aliyenizoeza kujumlisha kichwani kwa wepesi kama huo, na sidhani kwamba bibi alijua kuwa anafundisha hesabu. Alichotaka ni kumshinda shemeji yake, basi.

Kutokana na hilo, sikubaliani na wale wanaowaachia watoto washinde kwa makusudi. Mtoto hutambua mara moja kwamba anabembelezwa, na ushindi wa namna hiyo haumfurahishi. Anayekaa na mzee hodari atashinda kwa haki mapema kuliko unavyodhani, na siku atakayoshusha saba yake kwa kishindo juu ya mkeka, akijua kwamba ree imekwisha toka na turufu zimekwisha, utaiona furaha yake usoni bila ya kuuliza.

Fedha isiingie kabisa, hata shilingi kumi za mchezo. Zipo familia ambazo hazipendi karata nyumbani kwa sababu ya kuzihusisha na kamari, na wazee wenye msimamo huo wanastahili kuheshimiwa. Kwao dhumna au bao vitafanya kazi ile ile. Sisi aliyeshindwa alikwenda kumwita muuza kahawa, au alikata kashata na kuwagawia wengine, na hiyo ilikuwa adhabu tosha. Adhana ikiadhiniwa karata huwekwa chini, hata kama mtu ana turufu tatu mkononi.

Kuhusu ugomvi, mkubaliane kabla ya kugawa karata. Ishara za macho na kukohoa zinakatazwa au zinaruhusiwa? Kopa ikianzishwa, aliyekuwa nayo akaificha na kupiga turufu atafanywa nini? Kwetu upande wake ulihesabiwa kuwa umeshindwa papo hapo, bila ya majadiliano, na mjomba mmoja alinuna mpaka Isha kwa sababu hiyo. Simu nazo ziwekwe mbali. Hilo halihitaji maelezo.

Mwisho, zile karata za 8, 9 na 10 zisitupwe. Zifungwe kwa mpira na ziwekwe ndani ya pakiti pamoja na majoka (karata za joker), kwani vijana watazihitaji kwa mchezo wao wa kadi, ule ambao karata ya 2 humfanya anayefuata aokote mbili na mchezaji hulazimika kutangaza "niko kadi" kabla ya kumaliza. Wazee nao wakaribishwe humo. Babu aliyewatesa wajukuu kwa turufu mchana kutwa hubabaika vizuri sana anapookoteshwa karata tano kwa joka moja, na wajukuu hungoja zamu hiyo kwa hamu.