Uzamili wa wanyamapori kwa ada ndogo: dizeli atalipa nani?

SWALI: Shikamoo Daktari. Nina miaka 29, nina shahada ya kwanza ya usimamizi wa wanyamapori, na huu ni mwaka wa nne nafanya kazi kwenye WMA moja (eneo la wanyamapori linalosimamiwa na jumuiya ya vijiji) upande wa Babati. Nimeweka akiba ya shilingi milioni 9 na nataka kusoma uzamili kwa ada nafuu. Nimepata chuo cha mtandaoni cha nje, dola 1,900, miezi tisa, hakuna tasnifu. Wakala anasema cheti kinatambulika kimataifa. Vyuo vya hapa nyumbani ni miaka miwili, na ukijumlisha ada na kuishi hela inapita hiyo. Kuna ubaya gani nikichukua hicho cha mtandaoni?

JIBU: Marahaba, kijana wangu. Umeandika habari za ada, za cheti na za wakala. Tembo hujamtaja, na unakaa Babati.

Sikulaumu peke yako, maana barua za namna hii napata mfululizo na zote zinaanza na ada. Ada ndiyo namba iliyoandikwa kwenye tovuti, kwa hiyo watu wanadhani ndiyo bei. Kwenye fani yetu bei iko porini. Mwanafunzi wangu mmoja alitega kamera 30, zile zinazojipiga zenyewe kitu kikipita mbele yake. Kila moja inakula betri 8 za AA, hizo ni betri 240 kabla hajapiga picha hata ya digidigi. Alisahau kufyeka nyasi mbele ya baadhi ya kamera, upepo na joto la mchana vikafanya kazi yake, akarudi na maelfu ya picha za majani, kadi zimejaa na betri zimekufa. Akanunua nyingine 240. Tembo wakang'oa kamera mbili. Hapo sijahesabu gari, wala posho ya askari wa kumsindikiza, wala chakula cha kambini. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichokuwa kwenye jedwali la ada.

Halafu kuna muda, ambao nao ni hela. Andiko lako la utafiti linapita idarani kwanza, kisha kibali kupitia TAWIRI, taasisi ya utafiti wa wanyamapori, kisha ruhusa ya mwenye eneo: TANAPA kama ni hifadhi ya taifa, TAWA kama ni pori la akiba, na kwenye WMA ni jumuiya yenyewe na vijiji vyake. Kiangazi kinakwenda Juni hadi Oktoba. Msimamizi akikaa na andiko lako miezi minne, ukapata kibali Oktoba, mvua zinakufungia barabara na ule udongo mweusi wa mbugani unakushikia gari hadi ekseli. Unasubiri Juni nyingine. Ada ya mwaka wa tatu inakukuta hapo, na kodi ya chumba, na mshahara ambao hukuupata. Nimeona watu waliokwenda chuo chenye ada ndogo kuliko vyote wakamaliza kwa gharama kubwa kuliko wenzao.

Kwa hiyo ukitaka kulinganisha programu, anza na msimamizi. Ana mradi wenye fedha ambao unaweza kuingia ndani yake? Wanafunzi wake wa mwisho walimaliza kwa muda gani? Usimuulize yeye, waulize wao, kantini. Una Nelson Mandela pale Arusha, ambayo ni taasisi ya uzamili na uzamivu na haiko mbali na kwako. Una Sokoine kule Morogoro, yenye idara nzima ya wanyamapori. Una idara ya zoolojia na uhifadhi wa wanyamapori ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Majina ya kozi na ada soma kwenye tovuti zao za mwaka huu, si kwenye picha uliyotumiwa kwenye grupu.

Ukitaka nje, ziko njia. Vyuo vikuu vingi vya umma Ujerumani havitozi ada ya masomo, ingawa jimbo la Baden-Württemberg linawatoza wanaotoka nje ya Ulaya euro 1,500 kwa muhula. Ila kwa viza utatakiwa kuonyesha fedha za kujikimu za mwaka mzima, karibu euro 12,000 kwenye akaunti maalumu. Milioni 9 yako haifiki hata nusu. Kwa hiyo bila ufadhili, hiyo "bure" si yako. Ufadhili wa DAAD, shirika la Ujerumani la kufadhili masomo, kwa wataalamu wa nchi zinazoendelea huhitaji angalau miaka miwili ya kazi baada ya shahada, wewe uko mwaka wa nne, na kwa kawaida shahada isiwe na zaidi ya miaka sita, kwa hiyo usilale. Na Norway iliyokuwa bure imeanza kutoza ada wanaotoka nje ya Ulaya tangu 2023. Ujumbe wa WhatsApp unaosema vingine ni wa zamani.

Tena wewe una utajiri ambao wenzako wanautafuta. Kwenye ofisi yenu, kama ofisi nyingine za WMA nilizopita, lazima kuna kabati lenye nakala za madai ya kifuta jasho ya wakulima walioharibiwa mazao na wanyama: tarehe, kijiji, zao, ekari, mnyama. Kuna kumbukumbu za doria. Na uko jirani na ushoroba wa Kwakuchinja, njia ya wanyama kati ya Tarangire na Manyara. Tasnifu juu ya uvamizi wa mashamba unaifanya kwa pikipiki na daftari, kwenye ardhi ya kijiji. Kibali bado unahitaji, lakini betri 240 huhitaji.

Sasa tuje kwa huyo wakala wako. "Kutambulika kimataifa" hakuna ofisi. Hapa Tanzania ofisi inayotambua shahada za nje inaitwa TCU, na unawauliza kabla ya kulipa, si baada. Wakala hawezi kujibu kwa niaba yao, na mara nyingi analipwa kwa kila kichwa anachopeleka. Kusoma mtandaoni si dhambi. Takwimu kwa programu ya kompyuta iitwayo R unaweza kujifunza hata bila kulipa senti, programu yenyewe ni ya bure. Ninachokataa ni hilo la "hakuna tasnifu", linalouzwa kama punguzo. Kwa mtu anayetaka kusimamia wanyama, wamekuondolea chakula wakakuachia sahani.

Tasnifu ndiyo inayokufundisha kukosea kabla hujakabidhiwa pori la watu. Kuna aliyekuja kwangu anacheka, amehesabu swala pala 311 kwenye mistari yake, ile njia nyoofu unayoifuata ukihesabu wanyama. Nikamuuliza ni makundi mangapi. Ishirini na tatu. Kwa njia ile ya kupima umbali kutoka kwenye mstari, kundi ni mwonekano mmoja, na unashauriwa upate angalau 60 hadi 80 ili makadirio yasimame. Alirudi porini amenuna. Leo anapanga sensa za wengine, na swali la kwanza anawauliza hilohilo.

Wabaya kuliko mawakala ni wale wa stationery wanaokuandikia tasnifu nzima, data na vyote. Vijana wanadhani hatujui. Data ya porini imejaa sifuri: siku mvua ilinyesha, siku gari lilikwama, siku ulitembea tangu alfajiri ukaona nyayo tu. Data ya kupikwa ina wanyama kila siku, kama buchani. Msomaji mwingine anayesoma hapa, kama umeshalipa mtu wa namna hiyo, kadai hela yako leo, kwa sababu hata akikuvusha mtihani, siku moja utasimama mbele ya wanakijiji waliofiwa na mwenzao kwa tembo, na watakuuliza utafanya nini.

Mwaka jana nililetewa tasnifu moja ya kusahihisha. Siku 60 uwandani, hakuna siku tupu hata moja. Kwenye utetezi nikamuuliza kijana gari walilotumia lilikuwa la rangi gani. Akafikiri kidogo, akasema jeupe. Nikamfungulia kibali chake kwenye kiambatisho. Alikuwa ameruhusiwa kutembea kwa miguu tu.