Kwa mnaokwenda mbio za matope mara ya kwanza: jifunzeni kushuka

Jumapili iliyopita nilikuwa msimamizi kwenye mbio za matope, zile za kuvuka kuta, nyavu na kamba njiani. Nilipangwa ukuta wa tatu, upande wa kushukia. Nilisimama pale tangu kundi la kwanza linapita hadi la mwisho, matope yamenifika magotini, na kazi yangu ilikuwa moja tu: kupiga kelele. "Geuka! Kifua ukutani! Ning'inia kwanza!" Kabla ya saa sita sauti ilikuwa imekauka.

Wadogo zangu, kupanda mnajua. Kizazi chenu kinajivuta juu ya ukuta kama kimezaliwa mtini, na nikiwatazama roho yangu inasuuzika. Lakini mkifika juu mnakaa kitako, mnachungulia chini mara moja, mnaruka. Mmoja baada ya mwingine. Nilihesabu hadi 40, nikaacha, kwa sababu kila aliyeruka nilikuwa nafumba macho kusubiri mlio ambao nimewahi kuusikia mara moja maishani na sitaki kuusikia tena. Nitaueleza huko mbele.

Ratiba ya mazoezi mnayo, na mnajua tofauti ya kilomita 5 na kilomita 21, kwa hiyo sitapita huko. Naandika yale ninayoona mnayarudia kila msimu.

1. Mapafu mnayo, viganja hamna. Kila mwaka anakuja kijana mwenye mbio nzuri za barabarani, miezi mitatu yote kakimbia, chuma cha kuning'inia hajakigusa. Kijana mmoja wa kundi letu aliongoza wenzake hadi nusu ya njia. Akarusha mkuki akakosa shabaha, akaanguka kwenye pete za kubembea, akateleza kwenye kamba ya kupanda. Mbio zile zilifuata adhabu iliyopata umaarufu kwa Spartan Race, bapi 30 kwa kila kizuizi unachoshindwa (bapi moja ni kujitupa chini kifua kiguse ardhi, kuinuka na kuruka). Pigeni hesabu: bapi 90, na mguu bado unadaiwa nusu ya njia. Akiwa kwenye ya sabini na kitu alipitwa na dada mmoja wa makamo ambaye mazoezi yetu yote huja mapema, analowesha taulo, analitundika kwenye chuma, anashika ncha mbili za taulo na kuning'inia huku anaongea na watu. Hakumcheka. Alimwambia tu, "Pumua, mdogo wangu, nakusubiri kwenye wavu wa kupanda." Nunueni taulo. Ningʼinieni likiwa limelowa, mikono imenyooka, hadi mfikishe dakika moja bila kuachia. Na kabla ya vyuma vya kubembea futeni viganja mahali palipobaki pakavu. Mara nyingi ni nyuma ya shingo.

2. Nguo ya pamba acheni nyumbani. Inakunywa maji, inakuwa nzito, na baridi yake haiishi. Vaeni poliesta inayobana mwili, soksi ndefu za kukinga ugoko, na raba zenye meno ambazo miguu yenu imeshazizoea. Fungeni kamba mara mbili. Kila msimu nakuta mtu amepiga magoti, mkono umezama hadi begani, anatafuta raba mpya iliyonyonywa na tope, na watu watano waliokuwa wanapita wameacha mbio zao kumsaidia kutafuta. Mchezo huu naupenda kwa ajili ya hao watu watano. Lakini fungeni kamba mara mbili.

3. Kushuka. Hapa naombeni mtulie.

Ukuta wa kawaida una mita 2.4. Mtu wa mita 1.7 akigeuka, akatazama ukuta, akaushika kwa vidole na kuning'inia mikono ikiwa imenyooka, nyayo zake zinabaki kama sentimita 30 juu ya ardhi. Kimo cha kushuka ngazi mbili. Mtu yuleyule akikaa kitako juu ya ukuta na kuruka, nyayo zake zinaanza safari zaidi ya mita moja na nusu juu ya ardhi. Ukuta uleule, mwili uleule. Kilichobadilika ni upande gani kifua kinatazama.

Haya nilikuwa nayajua. Nilifundishwa na kaka mmoja mvumilivu sana, akanirudisha juu mara kumi nzima. Siku ya mbio zangu za kwanza niliyatupa yote kwa sababu ya haraka, na hadi leo nikiyaandika tumbo linakaza.

Tuliingia wawili, mimi na rafiki yangu wa kike tuliyefanya mazoezi pamoja miezi mitano. Yeye ndiye aliyekuwa na hamu kuliko mimi. Alikuwa akiogopa urefu, na katika miezi hiyo mitano alijifundisha kupanda wavu kwa kuhesabu matundu kwa sauti. Tulikubaliana jambo moja: tunaanza pamoja, tunamaliza pamoja, medali tunavaa pamoja.

Kuta mbili za kwanza niliruka. Nilitua vizuri, nikajiona nimegundua njia ya mkato, nikawa namsubiri yeye anayeshuka polepole kama tulivyofundishwa. Nilimwambia, "Tunapitwa." Neno hilo ndilo linaloniuma kuliko mfupa. Alikuwa anafanya sawasawa, nami nikamharakisha.

Ukuta wa tatu ulikuwa kwenye kilomita ya 7 kati ya 10. Nyuma yake mamia ya watu walikuwa wameshatua mahali palepale, miguu yao ikachimba shimo, maji yakalijaza. Kutoka juu paling'aa, pamenyooka kama sakafu. Nikaruka. Mguu wa kushoto ukaingia shimoni hadi chini ya goti. Wa kulia ukabaki ukingoni, kwenye mzizi, na mwili wangu wote ukaulalia kwa upande. Nilisikia mlio mdogo, mkavu, kama kijiti kinavunjwa ndani ya kitambaa. Maumivu hayakuja. Yalichelewa, na kuchelewa kwake kukanidanganya.

Msimamizi alinifuata. "Uko sawa?" Nikamwonyesha dole gumba, nikacheka. Rafiki yangu akauliza, nikamjibu nimeteguka kidogo. Nikakaza kamba ya raba, nikaendelea kuchechemea karibu kilomita mbili, nikapita chini ya seng'enge kwa tumbo, nikabeba gunia la mchanga. Wanaosema mwili ukiwa umepata moto hausikii wamesema kweli. Ila kinachofanyika ndani ya raba wakati huo kinaendelea kufanyika.

Kisha wavu. Nilipanda kwa mikono na mguu mmoja hadi juu kabisa, nikavusha mguu mzima upande wa pili, na nilipoleta ule mwingine ukutane na kamba, ulimwengu ukawa mweupe. Sikuweza kushuka. Sikuweza kurudi. Watu walijaa nyuma yangu, mmoja akaanza kulia kwa kukwama juu. Na yule binti aliyeogopa urefu, aliyekuwa ameshafika chini, ameshaushinda wavu wake, alipanda tena. Nilimsikia anahesabu matundu. Akafika, akaushika mguu wangu mzima, akaupeleka tundu kwa tundu hadi chini.

Pale chini akakaa nami kwenye nyasi. Nilimsihi aende, vilibaki vizuizi vitatu na mstari wa mwisho ulikuwa unaonekana. Alinawa mikono kwa maji yaliyobaki kwenye chupa, akanifuta macho kwa kidole, kisha akavua chipu ya kupimia muda kwenye mkono wake na kumpa msimamizi bila kusema neno. Hakumaliza. Medali hakupata. Mfupa mwembamba wa mguu ulikuwa umevunjika juu kidogo ya kifundo: wiki sita za plasta na magongo, kisha miezi ya kujifunza kusimama kwa mguu mmoja bila kuyumba. Yeye hajawahi kunilaumu hata mara moja. Ndiyo maana kila msimu nasimama upande wa kushukia.

Basi shukeni hivi. Laza tumbo juu ya ukuta. Vusha mguu mmoja, kisha wa pili, mikono haijaachia. Ning'inia. Tazama chini pembeni ya kwapa: kuna mtu? Kuna shimo? Pale penye maji yaliyotulia ndipo wengi wametua, kwa hiyo jisogeze mkono kwa mkono hadi penye tope gumu. Achia, tua kwa miguu yote miwili, magoti yamekunjwa. Kwenye kamba vilevile: funga kufuli la miguu, yaani ibane kamba katikati ya nyayo zako, shuka mkono chini ya mkono. Ukiteleza nayo inakuchuna viganja, na bila viganja vizuizi vyote vilivyobaki ni bapi tu. Na ukisikia mlio, ukisikia mguu haukutii, mwambie msimamizi ukweli. Mara ya kwanza anapouliza.

Najua wengine mnaiga mnachokiona kwenye video. Tangu pentathloni ya kisasa, mchezo wa Olimpiki wenye mashindano matano ndani yake, itangaze kwamba baada ya Paris 2024 kuendesha farasi kunaondoka na vizuizi vinaingia, kuelekea Los Angeles 2028, vijana wameongezeka mazoezini, nami nimefurahi mno. Lakini wale wanashindana kwenye njia fupi, kavu, iliyosawazishwa, na wanajua kila wanapokanyaga. Mbio zetu zina asili nyingine, ile ya Tough Guy iliyoanza Uingereza mwaka 1987 katika shamba lenye tope na baridi. Hapa ardhi ya saa tatu asubuhi siyo ardhi ya saa tano. Watu waliokutangulia wameshaibadilisha.

4. Fumbeni mdomo. Nasema kwa uzito huohuo. Mwaka 2012 katika mbio za vizuizi zilizofanyika kwenye shamba la ng'ombe jimbo la Nevada, Marekani, watu 22 waliugua kuhara kulikosababishwa na bakteria aitwaye kampilobakta, na uchunguzi ukaelekeza kwenye kumeza maji ya tope. Miaka 12 kabla ya hapo, katika mbio ndefu za porini za Eco-Challenge za mwaka 2000 kule Sabah, kisiwani Borneo, wanariadha wengi walirudi makwao na homa ya mgunda, ugonjwa wa bakteria uitwao pia leptospirosis, wengi wao wakiwa wameogelea na kumeza maji ya mto. Ugonjwa huo huchukua kati ya siku 2 na 30 kujitokeza, kwa hiyo ukipata homa kali na maumivu ya misuli wiki mbili baada ya mbio, mwambie daktari kwamba ulilala kwenye tope. Hawezi kuota. Chini ya seng'enge geuza uso pembeni. Usifungue jeli ya nguvu kwa meno yenye tope. Lenzi za macho acha. Kata kucha. Hakikisha chanjo yako ya pepopunda haijapita miaka 10. Ukimaliza, vidonda vioshwe kwa maji safi na sabuni kabla ya picha, maana picha zinaweza kusubiri dakika tano.

5. Maji ya barafu: usijitupe. Ingia, acha kifua kishtuke, subiri pumzi irudi ndipo uzamishe uso. Mshtuko wa mwanzo hupungua ndani ya dakika moja hivi. Na popote penye maji ya tope usipige mbizi kwa kichwa, hata kama aliyekutangulia amepiga.

6. Kumwinua mwenzako ukutani. Mgongo uegemee ukuta, vidole vya mikono vifungamane, asimame juu ya viganja vyako, wewe uinuke kwa mapaja. Asikanyage goti wala shingo. Ukishamfikisha juu, kaa palepale hadi ushuhudie ameshuka, maana kuna wenye kuogopa urefu ambao huwezi kuwatambua kwa kuwatazama. Rafiki yangu ni mmoja wao. Mwaka uliofuata alirudi, akapanda wavu ule akihesabu, akamaliza, na nilikuwa chini nimeegemea gongo langu la mwisho nikipiga kelele hadi watu wakaniuliza kama ni ndugu yangu. Nikasema ndiyo.

Jumapili, karibu na mwisho, alikuja binti mmoja mwembamba wa kundi la mwisho. Akafika juu, akakaa kitako, akajiandaa. Nikamwita kwa sauti iliyobaki: "Mdogo wangu, geuka." Akanitazama kana kwamba namcheleweshea safari. Nikarudia. Akageuka, kwa kusitasita, akalaza tumbo, akashusha miguu, akaning'inia macho yameminywa, ameukumbatia ule ukuta kwa nguvu zote. Nikamwambia ashushe kidole gumba cha mguu. Akashusha. Kikagusa tope. Akafumbua macho, akatazama chini, akaangua kicheko.

Jumamosi tunaanza saa kumi na mbili na nusu. Wiki hii hakuna kupanda: ngazi imeegemezwa ukutani tayari, mtapandia hiyo, na kila mmoja atashuka mara kumi. Njooni na raba za zamani.