Nimerekebisha jina moja, vitabu vya mwandishi mwingine navyo vimebadilika

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mkutubi wa chuo cha ualimu, na vyuo vitano tunatumia hifadhidata moja ya Koha, programu ya kuendeshea maktaba. Nilikuta rekodi ya othoriti (ile inayoweka jina rasmi la mwandishi, ambalo vitabu vyake vyote hulitumia) imeandikwa "Mohamed, Said" tu, bila mwaka wa kuzaliwa. Kitabu cha kwanza kilichofungwa nayo, yaani kilichounganishwa nayo, kilikuwa cha Bwana Msa, nikajua huyu ni Muhammed Said Abdulla, nikalirekebisha jina. Kesho yake wenzangu wa chuo kingine wakapiga simu: Utengano na Asali Chungu navyo vinasomeka kuwa ni vya Abdulla. Je, nirudishe jina la zamani? Halafu Ngũgĩ wa Thiong'o ana rekodi nne humo, na sasa naogopa hata kuzifungua.

JIBU: Marahaba, na pole kwa simu hizo. Jina la zamani usilirudishe, maana hilo ndilo lililokuponza. Rekodi ile ilikuwa imebeba watu wawili kabla hujaigusa: Muhammed Said Abdulla (1918–1991), aliyetupa mpelelezi Bwana Msa, na Said Ahmed Mohamed, Mzanzibari aliyezaliwa 1947, mwenye Utengano na Asali Chungu. Ukiandika tena "Mohamed, Said", simu zitakoma lakini wale wawili watabaki wamelala kitanda kimoja, na mkutubi atakayekuja baada yako ataponzwa vilevile.

Ona kilichotokea. Rekodi imegawanywa katika fildi, yaani sehemu zenye namba, na kila fildi ina sehemu ndogo ziitwazo sabfildi. Katika rekodi ya kitabu, fildi 100 (au 700 kwa mwandishi mwenza) ina maandishi ya jina la mwandishi, na ndani yake kuna sabfildi 9 yenye namba ya rekodi ya othoriti. Namba hiyo ndiyo kamba. Ukibadilisha jina kwenye othoriti, Koha hufuata kamba zote na kuandika jina jipya kila zilikofungwa, bila kujali kitabu kimo kwenye rafu ya chuo gani. Vitabu visipozidi kikomo alichoweka msimamizi wa mfumo (ni 50 kama hakuna aliyekibadilisha), kazi hufanyika papo hapo. Vikizidi, husubiri programu inayojiendesha yenyewe usiku. Kwa hiyo kabla ya kuhifadhi marekebisho yoyote, tazama kwanza rekodi hiyo imefungwa na vitabu vingapi, kisha ufungue rekodi ya kila kitabu uisome. Wewe ulifungua kimoja.

Sasa tutengeneze. Rekodi uliyorekebisha iache iwe ya Abdulla. Fungua rekodi mpya ya othoriti, uandike "Mohamed, Said Ahmed, 1947-". Kisha nenda kwenye kisanduku cha kutafutia vitabu, andika an: ikifuatwa na namba ya rekodi ya Abdulla, na orodha ya vyote vilivyofungwa nayo itatoka. Pitia kimoja kimoja. Fildi 100 usiiamini kwa sasa, kwa kuwa imeshaandikwa upya. Tazama fildi 245, ile ya jina la kitabu, sabfildi c, ambako jina la mwandishi limenakiliwa kama lilivyo kwenye ukurasa wa jina la kitabu. Hapo Koha haigusi, na ndiyo maana tunasisitiza hapo pajazwe kwa uaminifu hata kama jina limeandikwa kwa namna ya ajabu. Mahali palipoachwa wazi, mwombe mwenzako wa chuo chenye nakala akupigie picha ya ukurasa huo akutumie kwa WhatsApp. Kitabu kikiwa cha Said Ahmed, fungua rekodi yake, chagua othoriti mpya, hifadhi.

Ukimaliza, rudi kwenye rekodi zote mbili uziwekee ushahidi. Hapa ndipo wengi wetu tunapokuwa wavivu, na ndipo madhara yanapoanzia. Fildi 670 ni ya chanzo: umejuaje kuwa huyu ndiye? Andika kitabu ulichokishika mkononi, mwaka wake, na jina lilivyochapwa humo. Fildi 667 ni ya kuonyana sisi wakutubi. Weka kwamba huyu si yule mwingine, umtaje. Katika fildi 400 weka namna nyingine za jina ambazo msomaji anaweza kutafutia: Muhammed, Mohamed na Mohammed ni jina lilelile kwa sikio la Mswahili, lakini kwa kompyuta ni maneno matatu. Majina yetu ni ya baba na babu, yanarudiarudia, na hakuna mahali rekodi tupu isiyo na mwaka wala chanzo inapoweza kuharibu kazi kama kwetu.

Mwombe pia msimamizi atazame mpangilio wa kufunga majina kiotomatiki. Koha ina chaguo la kufunga na jina la kwanza linalolingana. Kwa hifadhidata yenye akina Mohamed wengi, chaguo hilo lisitumike.

Kwa Ngũgĩ, hofu yako ni njema lakini usiiache ikuzuie. Wale wanne ni mtu mmoja, na hapo kuunganisha rekodi ni halali. Nadhani utakuta "Ngugi, James", "Thiong'o, Ngugi wa", na mbili za "Ngũgĩ wa Thiong'o" zinazoonekana sawa kabisa. Weep Not, Child (1964) na A Grain of Wheat (1967) zilitoka kwa jina la James Ngugi; baadaye alibadilisha jina lenyewe, na kanuni ni kutumia jina la mwisho alilojulikana nalo. James linaingia fildi 400, ila katika 245 ya vitabu hivyo viwili libaki kama lilivyochapwa. "Thiong'o, Ngugi wa" nalo ni la 400: hapa "wa" ni mwana wa fulani, si jina la ukoo, hivyo tunaanza na Ngũgĩ.

Zile mbili zinazofanana zinakusumbua kwa sababu ya ũ, ĩ na alama ya ng'. Herufi ũ inaweza kuhifadhiwa kama herufi moja, au kama u ikifuatwa na alama ya juu. Alama ya ng' nayo ina sura zaidi ya moja kwenye kibodi. Macho hayaoni tofauti, kompyuta inaiona. Kubalianeni vyuo vyote vitano mtaandika ipi, kisha mnakili kutoka rekodi moja badala ya kuchapa upya.

Katika orodha ya othoriti, chagua kuunganisha kwenye rekodi ya kwanza, kisha kwenye ya pili. Koha itakuuliza ipi ibaki. Chagua yenye ushahidi mwingi, na uhakikishe fildi 400 na 670 za ile inayoondoka umezitia alama zije nazo. Vitabu vyake vitahamia vyenyewe. Fanya mbili mbili, ukague, ndipo uendelee.

Mkifika mwisho, rekodi itakayobaki huenda ikasomeka "1938-", mwaka ukiwa wazi. Ngũgĩ alifariki tarehe 28 Mei 2025. Ufunge uwe "1938-2025", mara moja tu, na vitabu vyake vyote katika vyuo vitano vitaupokea.